Daftari la Makosa

Waliniita mimi, Thureya wa Kibokoni, fundi wa kofia na kanzu,
nikae kiti cha mbele ukumbini Tononoka,
feni ikikoroma juu, daftari mapajani,
niwatolee makosa.
Mchezo wa kuimba na kuchekesha:
Liwali mchoyo, binti mtoro, kadhi kiziwi,
Mombasa ya mwaka elfu moja mia nane na thalathini,
na kinanda cha Bwana Anselmo kilichong'oka meno mawili.

Siku ya kwanza nikajaza kurasa tatu.
Buibui: halijazaliwa. Mvueni Swabra, mpeni ukaya.
Leso yenye jina: bado. Tafuteni kaniki.
Wimbo wa mavuno ya karafuu: karafuu gani, Mvita?
Yetu ni ya kutia kwenye pilau.
Fidla nyuma ya pazia: leteni zumari.
Na Liwali, tafadhali, avue saa ya mkononi.

"Bi Thureya," akasema Mwalimu Ngowa, kijasho kikimtoka,
"watu waja kucheka, hawaji kufanya mtihani."
Nikamwambia, "Na wacheke. Lakini nyanya yangu
akicheka huko kaburini, nataka acheke nao,
asiwacheke."

Mzaha siukatai, msinisingizie.
Kadhi alipomwozesha bwana arusi mbuzi
nilicheka hadi sindano ikanidunga.
Mzaha ule umeiva hapa hapa;
sisi wa Mji wa Kale twaweza kukuvua nguo kwa fumbo
nawe ukaaga kwa asante.
Uongo wa kivivu ndio siutaki,
ule wa kuokota kilemba popote na kusema, "Pwani."

Wiki mbili. Nikakata vifungo, nikafumua kola,
nikagombania upana wa deuli kama agombaniaye urithi.
Wakanizoea. Wakaniita Bi Haikuwako.

Kisha jioni moja, wengine wakinywa soda mlangoni,
akanijia Kahindi, kijana wa Kisauni, kifua wazi,
yule mbeba kiti cha Liwali:
kukiweka, kukiondoa, kukiweka,
tangu pazia la kwanza hadi la mwisho.
Kiti kina wimbo wake, beti sita.
Yeye hana neno.
"Bibi," akaniuliza, "mie naitwa nani?"

Nikafungua daftari.
Mlikuwa na joho, bushuti, jambia na mshipi wake.
Mpingo wa kiti niliuandika,
hata njumu zake za pembe nilizihesabu.
Wala hakuna aliyenificha. Sikuuliza.
Kurasa kumi na moja za makosa ya watu,
na langu limekaa katikati yao, halina wino.

Nikasema, "Feruzi."
Bila hati. Bila mtu wa kumuuliza.
Kisha ulimi ukateleza mbele:
"Uliletwa mdogo, mtaa wenu huukumbuki.
Uzito wa Liwali waujua wewe kuliko mkewe."
Akatikisa kichwa polepole,
kama mtu aliyepimwa nguo ikamkaa.

Usiku wa onyesho, Liwali akaita, "Kiti!"
Hakutoka mtu.
"Kiti!"
Watu wakaanza kucheka. Kinanda kikarudia pale pale,
mara ya tatu, ya nne, na Mwalimu Ngowa ameshika kichwa.
Ndipo Liwali, Mungu ampe kheri mwigizaji yule,
akakikuna kilemba, akatazama pembeni,
akaita kwa sauti ndogo isiyokuwa ya mchezo:
"Feruzi."

Akatoka. Akakiweka.
Kicheko kikapasuka safu za mbele;
huko nyuma kilipungua, kikapungua,
kama utambi unaoteremshwa na mkono.

Nyumbani, kabla ya kulala, nikaandika:
Feruzi. Ushahidi hapana.
Nikakiweka kifutio mbali.